Presha Iliyopanda Ghafla: Tutafute Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

(Mazungumzo na wakazi wa Manispaa ya Mpanda, Mkoa wa Katavi)



Sisi ni watumishi wa umma ambao kazi yetu ni kumlinda mtumiaji wa bidhaa na huduma, na leo tungependa tuzungumze juu ya bidhaa ambayo watu wengi huinunua wakiwa na hofu. Bidhaa hiyo ni dawa ya presha.

Mambo huenda hivi. Mtu aliyekuwa mzima anaumwa kichwa, anapita mahali anapimwa, anaambiwa, "Presha yako iko juu." Jioni hiyohiyo amekwisha kununua vidonge. Namba ikishuka, anashukuru; ikipanda tena, anaongeza kidonge. Swali moja tu halikuulizwa: kwa nini imepanda? Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Presha inayopanda ghafla mara nyingi ina kilichoiunda, na baadhi ya vinavyoiunda huuzwa dukani, huchanganywa kwenye chupa, au hupakwa usoni.

Hatusemi kwamba kila presha ina chanzo kinachoweza kuondolewa. Katika watu wazima 100 wenye shinikizo la juu la damu, 90 hadi 95 hawana sababu moja inayoonekana. Yao hutokana na umri, urithi, uzito, chumvi na namna ya maisha, na hupanda polepole kwa miaka. Waliobaki ndio wenye chanzo mahususi. Kwao, kumeza dawa ya presha bila kukitafuta chanzo ni sawa na kudeki sakafu huku bomba likiendelea kuvuja.

Kwanza, tuhakikishe kwamba presha imepanda kweli

Kipimo kimoja hakitoshi, isipokuwa mgonjwa yuko katika hali ya hatari ambayo tutaieleza. Kabla ya kupimwa, mtu akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, miguu yote miwili iko sakafuni wala haikupishanishwa. Mkono uegemezwe mezani usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Nusu saa kabla ya hapo asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa. Asiwe amebanwa na mkojo, na asizungumze wakati mashine inapima. Kisha apimwe tena baada ya dakika moja au mbili. Mara ya kwanza apimwe mikono yote miwili.

Mambo haya yanaonekana madogo, lakini kila moja linaweza kuipandisha namba. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ambayo mtu hana. Anayenunua mashine ya nyumbani achague ile ya mkanda wa juu ya kiwiko. Ya kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi. Aulize kama aina hiyo imethibitishwa usahihi wake, ahakikishe mkanda unamtosha, adai risiti, na aipeleke kituo cha afya ilinganishwe na mashine yao.

Vipimo vilivyofanywa kituoni, kwa siku tofauti, vikiendelea kusoma 140 kwa 90 au zaidi, hapo tunazungumza juu ya presha ya kupanda. Sasa litafutwe jambo ambalo wengi hulisahau: kumbukumbu za zamani. Kadi ya kliniki ya wajawazito, daftari la hospitali, cheti cha upasuaji wa miaka iliyopita, vyote huwa na namba ya presha. Mtu anaweza kusema imempanda ghafla, kumbe imekuwapo miaka sita bila yeye kujua. Lakini kama mwaka jana ilisoma 118 kwa 76 na leo ni 170 kwa 105, huo ni ushahidi kwamba kuna jambo jipya, na daktari anapaswa kuuona. Tusizitupe kadi zetu.

Hali isiyongoja

Presha ikifika 180 kwa 120 au zaidi, na pamoja nayo pakawa na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, maneno kukokoteka, macho kufifia, kuchanganyikiwa au degedege, huo si wakati wa kutafuta chanzo nyumbani. Ni wakati wa kukimbizwa hospitali.

Tunaomba pia desturi moja iachwe: kumpa mgonjwa kidonge cha nifedipini akitafune au akiweke chini ya ulimi ili presha ishuke papo hapo. Presha ikiporomoka ghafla, damu inayofika kwenye ubongo na moyo hupungua, na mtu anaweza kupata kiharusi kilekile alichokuwa anakikimbia.

Mfuko wa dawa

Kwa aliye na nafasi ya kutafuta, chanzo cha kwanza kuchunguzwa ni kile kilichoingia mwilini. Chukueni mfuko mmoja, mtie ndani yake kila kitu mgonjwa alichomeza, alichochomwa, alichokunywa kama dawa au alichopaka kwa miezi mitatu iliyopita. Msichague. Kopo la mafuta ya uso liingie, chupa ya mizizi iingie, pakiti tupu iingie. Mfuko huo upelekwe kwa mganga wa kituo. Tueleze ni vitu gani hasa vinavyotafutwa humo.

La kwanza ni dawa za maumivu. Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga wa Majimoto au Usevya. Msimu wa palizi mgongo unamuuma kwa kuinama kutwa, naye anameza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa. Dawa hizi huifanya figo izuie chumvi na maji, na presha hupanda. Anapimwa, anapewa dawa ya presha, kwa mfano kaptopili au losatani. Hasemi kuhusu vidonge vya mgongo, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza na yeye haviiti dawa za ugonjwa. Miguu inavimba, mtu mwingine anamuuzia kidonge cha kukojoza maji. Sasa mkulima huyu anameza dawa tatu kwa pamoja: ya maumivu, ya presha na ya kukojoza. Kila moja peke yake ina kazi yake. Zikikutana, hasa kwa mtu anayetoka jasho juani bila kunywa maji ya kutosha, zinaweza kuziangusha figo katika muda wa siku au wiki chache. Na figo zikiharibika, nazo hupandisha presha. Mtu aliyeanza na mgongo anaishia kutafuta nauli ya kwenda kusafishwa damu mbali na kwao.

Angalieni jinsi mzunguko huo ungevunjwa mapema. Siku ya kwanza angeulizwa, "Unatumia dawa gani nyingine?" Ile ya maumivu ingesitishwa, apumzishwe kazi ya kuinama, apimwe tena baada ya wiki mbili. Pengine presha ingerudi chini bila kidonge hata kimoja cha kudumu. Hata wale waliokwisha kuthibitika kuwa na presha wajue kwamba dawa hizi za maumivu hudhoofisha nguvu ya dawa nyingi za presha. Vidonge vya kuyeyusha majini navyo mara nyingi hubeba chumvi nyingi ndani yake.

La pili ni dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni. Zina faida kubwa zikitolewa na daktari kwa ugonjwa unaostahili. Shida ni kwamba huuzwa kwa siri kama dawa za kunenepesha au za kuongeza maumbile. Uso unajaa, tumbo linatanuka, michirizi ya rangi ya zambarau inatokea, ngozi inakuwa nyepesi. Mnunuzi anadhani amenawiri, kumbe sukari na presha vinapanda pamoja. Krimu za kung'arisha ngozi huweza kuwa na dawa za jamii hiyohiyo, na nyingine zina zebaki inayodhuru figo. Aliyetumia dawa hizi kwa muda mrefu asiziache ghafla kwa hofu baada ya kutusikia. Mwili wake huenda umeacha kutengeneza kiasi chake, na kuacha kwa mkupuo kunaweza kuhatarisha maisha. Aende hospitali apunguziwe kwa utaratibu.

La tatu ni dawa za asili na virutubisho. Hatuko hapa kuidharau tiba asili. Nchi yetu ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Lakini chupa isiyo na jina la mtengenezaji, inayosifiwa kuondoa maumivu ya viungo kwa siku moja, itiliwe shaka. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watumiaji kuhusu virutubisho vya viungo vilivyouzwa kama vya asili, ambavyo vilipopimwa maabara vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni zisizotajwa kwenye lebo. Mnunuzi aliamini anakula mimea.

La nne ni vitu vinavyochukuliwa kuwa vya kawaida: dawa za mafua zenye pseudoefedrini, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe nyingi, mirungi. Mwanamke ambaye presha yake imepanda baada ya kuanza vidonge arudi kliniki abadilishiwe njia. Asiache tu na kubaki bila kinga. Jikoni nako kuangaliwe: magadi kwenye maharage na mlenda, na samaki wa chumvi kutoka ziwani, vyote huongeza sodiamu kama ile ya kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike gramu 5, yaani isijaze kijiko kimoja cha chai.

La tano ni dawa isiyomo mfukoni kwa sababu imeachwa. Anayekatisha dawa yake ya presha kwa kuwa "amepona" au fedha zimekwisha, anaweza kuiona ikipanda kwa kishindo. Akishindwa gharama, amwambie daktari; zipo dawa nzuri za bei nafuu.

Kazi tunazofanya

Mfuko ukiwa hauna jibu, tuangalie kazi. Reli ya kutoka Kaliua kuja Mpanda ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na hadi leo mkoa wetu una wachimbaji wadogo wa dhahabu. Risasi ikiingia mwilini hupandisha presha na kuharibu figo. Anayeyeyusha betri chakavu huivuta kwa pumzi. Mvuke wa zebaki, unaotoka pale dhahabu inapochomwa, unaweza kuleta presha ya juu, jasho na mapigo ya moyo kwenda mbio, hasa kwa watoto waliolala katika nyumba ambamo kazi hiyo hufanyika. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliutia saini, uliwekwa ili kupunguza madhara ya zebaki. Anayevuna majani mabichi ya tumbaku yenye umande naye hufyonza nikotini kupitia ngozi. Mwambieni daktari kazi yenu hata asipouliza.

Vyanzo vilivyo ndani ya mwili

Figo ndizo za kwanza kushukiwa. Mtoto aliyekuwa na vidonda vya ngozi au koo, kisha wiki moja hadi sita baadaye akaamka uso umevimba na mkojo una rangi ya chai ya rangi, apelekwe hospitali siku hiyo na apimwe presha. Kichocho cha mkojo kilichokaa miaka bila tiba kinaweza kuziba njia za mkojo na kudhuru figo. Mishipa inayopeleka damu kwenye figo nayo huweza kuwa myembamba.

Kwa mjamzito aliyevuka wiki 20, presha inayopanda haina subira. Kichwa kuuma sana, kuona nyota, maumivu ya juu ya tumbo, uso na mikono kuvimba, ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Hatari hiyo huendelea hadi wiki sita baada ya kujifungua; kwa hiyo mama mzazi anayeumwa kichwa asiambiwe kwamba ni uchovu wa kunyonyesha.

Zipo pia tezi. Tezi zilizo juu ya figo zikizidisha kazi, mtu anaweza kudhoofika misuli kwa kupungukiwa potasiamu, au kupatwa na vipindi vya kichwa kuuma, jasho na moyo kudunda. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, mtu hukonda na kutetemeka. Anayekoroma sana, akakatika pumzi usingizini na kusinzia mchana, huenda usingizi wake ndio chanzo. Na kijana ambaye presha ya mkono iko juu kuliko ya mguu huenda alizaliwa na mshipa mkuu wa damu uliobanwa.

Hatuyataji haya ili kila mtu ajipime mwenyewe. Tunayataja ili mjue nani hasa anastahili kuchunguzwa zaidi: aliye na umri chini ya miaka 30, ambaye presha yake imeruka katika muda mfupi, anayetumia dawa tatu ipasavyo bila kushuka, au aliye na mojawapo ya dalili tulizozieleza.

Haki ya kuuliza

Uchunguzi wa mwanzo si wa gharama kubwa wala wa mbali. Mkojo kupimwa protini na damu, damu kupimwa kreatinini, potasiamu na sukari, na kipimo cha umeme wa moyo, hivyo peke yake huonyesha mengi. Picha ya figo hufuata ikihitajika. Kituo kisichokuwa na vipimo hivi kina wajibu wa kumwandikia mgonjwa rufaa. Anayesafiri kutoka Karema au Inyonga kuja Mpanda afike na mfuko wake, kadi zake za zamani na vipimo vyake vilivyoandikwa tarehe, ili safari isipotee bure.

Mbele ya daktari muulize bila woga: "Je, kuna kinachosababisha? Kati ya dawa hizi, ipo inayopandisha presha? Tutapima nini, na nirudi lini?" Hayo si maswali ya utovu wa adabu. Ni haki ya anayepokea huduma.

Dukani nako mna haki zenu. Duka la Dawa Muhimu lina orodha ya dawa linazoruhusiwa kuuza, na dawa zinazohitaji cheti cha daktari zisiuzwe bila cheti. Nunueni mahali palipo na kibali kilichobandikwa ukutani. Mkatae vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina. Mtu hawezi kuonyesha daktari kitu asichokijua. Someni tarehe ya mwisho ya matumizi na mdai risiti. Dawa au kifaa mnachokitilia shaka, na madhara yoyote yanayofuata baada ya kutumia dawa, yaripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, au kupitia kituo cha afya kilicho karibu. Tangu mwaka 2019 masuala ya vipodozi na chakula yapo chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kopo la krimu lisilo na maelezo lipelekwe huko. Hifadhini pakiti, kwa sababu ndiyo ushahidi.

Ndugu wasikilizaji, dawa ya presha ni rafiki kwa anayeihitaji, na aliyekwisha kuandikiwa aendelee nayo hadi daktari aseme vinginevyo. Tunachoomba ni kwamba dawa isitangulie swali. Methali yasema, "Mficha maradhi, kilio kitamfichua". Nasi twaongeza kwamba anayemficha daktari kidonge cha mgongo, krimu ya uso au chupa ya mizizi, naye ameficha maradhi. Leo mkirudi nyumbani, kabla ya kulala, tafuteni mfuko mmoja na mkusanye vilivyomo kabatini, chini ya godoro na juu ya dirisha. Atakayeukuta mfuko wake mzito kuliko alivyodhani, aubebe kesho asubuhi kwenda nao kituo cha afya.